Je, Akili Hupimwa kwa Mizani?

Jumamosi moja nilikuwa nimeketi katika hoteli ya chai karibu na stendi ya magari mjini Thika, nikingoja mvua ipungue, ndipo alipoingia mzee mmoja mkulima wa kahawa wa upande wa Ruiru. Mzee huyu nimemfahamu kwa miaka mingi, kwa sababu huja ofisini kwetu kwa mambo ya shamba lake. Aliketi mbele yangu, akakung'uta kofia yake, wala hakuagiza chai. Alitia mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaninyoshea. “Bwana Karani,” akasema, “wewe umesoma kwa mapadri. Nisomee hapa, kisha uniambie neno la kweli.”

Karatasi hiyo ilitoka shuleni kwa binti yake, mtoto wake wa mwisho, aliye katika darasa la 9. Wasomaji wenye watoto wa umri huo waijua habari yenyewe: yampasa mtoto kuchagua njia moja kati ya tatu atakayoifuata katika sekondari ya juu, yaani njia ya sayansi, ufundi na hesabu, au njia ya elimu ya jamii, au njia ya sanaa na michezo. Mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba msichana huyu afaa kufuata sayansi, kwa kuwa katika hesabu amewapita wenzake wote, wavulana kwa wasichana. Chini palikuwa mahali pa mzazi kutia sahihi, napo palikuwa patupu.

“Mbona hujatia sahihi, Mzee?”

Akanieleza kwamba ndugu yake mdogo, aliyesoma kuliko yeye, amemzuia. Ndugu huyo alimwambia kwamba wataalamu wa Ulaya wamezipima bongo za watu kwa mizani, wakaona ubongo wa mwanamke ni mdogo kuliko wa mwanamume kwa sehemu moja katika kumi. Basi kumpeleka msichana katika sayansi ni kama kumwaga mbolea juu ya mwamba. Afadhali fedha za kahawa zimsomeshe kaka yake, ijapokuwa kaka huyo hesabu humshinda. Mzee akanikazia macho. “Mimi sikusoma sana. Je, ni kweli kwamba bongo zimepimwa?”

Nilimjibu kwamba ni kweli, zimepimwa. Nami naona inafaa kuanza na kweli hiyo hapa pia, maana mtu anayewatetea wasichana kwa kukana jambo lililo wazi huwa anawapa wapinzani wao silaha.

YALIYOONEKANA KATIKA MIZANI

Ubongo wa mwanamume aliye mtu mzima, kwa wastani, huwa na uzito wa gramu 1,350 hadi 1,400 hivi. Wa mwanamke huwa gramu 1,200 hadi 1,250 hivi. Sehemu ya tofauti hiyo yatokana na ukubwa wa mwili, kwa kuwa mwanamume kwa kawaida ni mrefu na mzito zaidi. Lakini hata wakilinganishwa wanaume na wanawake wa kimo kimoja, tofauti fulani husalia. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Denmark, Bente Pakkenberg na Hans Jørgen Gundersen, walitangaza hesabu ya chembe za fahamu zilizomo katika gamba la ubongo, yaani ile ngozi ya nje yenye mikunjo mingi. Nao walipata kiasi cha bilioni 23 kwa wanaume na bilioni 19 kwa wanawake.

Hivyo ndugu yake yule mzee hakusema uongo kwa habari ya mizani. Kosa lake liliingia pale aliporuka kutoka kwenye mizani hadi kwenye akili, kana kwamba ni mahali pamoja.

Hakuwa wa kwanza kuruka hivyo. Katika mji wa Paris, zaidi ya miaka 150 iliyopita, aliishi daktari jina lake Paul Broca, mtu hodari kweli, ambaye mwaka 1861 alionyesha sehemu ya ubongo inayohusika na kusema; sehemu hiyo huitwa kwa jina lake hata leo. Broca alipima bongo za maiti za hospitalini. Za wanaume 292 zilikuwa na wastani wa gramu 1,325. Za wanawake 140, gramu 1,144. Alijua vema kwamba mwili wa mwanamke ni mdogo, na kwamba jambo hilo lapaswa kutolewa katika hesabu. Hakulitoa. Sababu aliyoitaja ni kwamba imekwisha kujulikana kuwa wanawake wamepungukiwa kidogo na akili, kwa hiyo udogo wa ubongo wao hauna budi kutokana kwa sehemu na upungufu huo! Karani yeyote aliyewahi kukaa mahakamani atatambua kesi ya namna hii, ambayo hukumu yake hutolewa kabla shahidi hajaitwa. Mwenzake mmoja, Gustave Le Bon, alikwenda mbali zaidi: mwaka 1879 aliandika kwamba wako wanawake wengi ambao bongo zao kwa ukubwa zakaribia za sokwe kuliko za wanaume walioendelea.

Mzee aliposikia habari ya sokwe alicheka, kisha akanyamaza. Nikamwuliza, “Mzee, kahawa yako ikifika kinuni hufanywa nini?”

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. “Hukobolewa, kisha hupitishwa katika chekeche. Punje kubwa ni AA, zinazofuata ni AB. Zile za mviringo, ambazo hukua peke yake ndani ya tunda, ni PB. Ndogo ni C.”

“Na chekeche ndiyo huipa kahawa ladha yake?”

“La, hasha! Ladha ni kazi ya mwonjaji. Huikaanga, huitia maji ya moto, huinywa kwa kijiko na kuitema. AA iliyochacha vibaya kiwandani hutupwa bei, na PB iliyotunzwa vizuri yaweza kuishinda.”

Nilimwambia kwamba amejijibu mwenyewe, ila aniruhusu nimwonyeshe kwamba waonjaji wa akili nao wamefanya kazi yao.

Wa kwanza ninayependa kumtaja ni mwanamke, Alice Lee wa London. Mwaka 1898 wataalamu wa elimu ya viungo vya mwili walikutana Dublin, na Bi. Lee alipata vipimo vya vichwa vya 35 kati yao, naye akakadiria kwa hesabu ukubwa wa nafasi iliyomo ndani ya kila fuvu. Kadhalika alifanya hivyo kwa wanafunzi wanawake wa Bedford College na kwa waalimu wanaume wa University College. Kisha akawapanga mabwana wale wa Dublin katika orodha, majina yao wazi, tangu mwenye kichwa kikubwa hadi mwenye kidogo. Orodha ilileta fadhaa. Mtu wa mwisho kabisa alikuwa Johannes Kollmann, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu hiyo katika Ulaya nzima; na baadhi ya wanafunzi wa kike walikuwa na vichwa vikubwa kuliko mabwana waliozoea kufundisha kwamba kichwa kikubwa ni akili nyingi. Nafikiri hapakuwa na mkutano mwingine wa wataalamu ambao watu walijutia kupimwa kama ule.

Tangu wakati huo vyombo vimekuwa bora. Siku hizi ubongo hupigwa picha ndani ya kichwa cha mtu aliye hai, na mtu huyo huyo akapewa mtihani wa akili. Mwaka 2015 Jakob Pietschnig na wenzake walikusanya uchunguzi wa namna hiyo uliohusu watu zaidi ya 8,000. Walipata kwamba uhusiano kati ya ukubwa wa ubongo na alama za mtihani upo, lakini ni hafifu: katika tofauti zote za akili zilizoko kati ya mtu na mtu, ukubwa wa ubongo waeleza kiasi cha sehemu 6 tu katika 100. Sehemu 94 zimo katika mambo mengine. Na watu wakilinganishwa kwa jinsia, hata hizo 6 hazileti matokeo ambayo ndugu yake mzee angeyatazamia, kwa maana wanaume wana bongo kubwa zaidi, na hali katika mitihani ya akili ya jumla wastani wa wanaume na wa wanawake huwa karibu sawasawa.

Msomaji mwangalifu atasema kwamba baadhi ya mitihani hiyo ilitengenezwa kwa makusudi ili jinsia zilingane. Ni kweli, Lewis Terman na Maud Merrill walipoandika upya mtihani wao maarufu huko Marekani mwaka 1937, waliyaondoa maswali yaliyopendelea mno upande mmoja. Lakini jambo hilo lafundisha kitu: yalikuwapo maswali ya kuwapendelea wanaume, na yalikuwapo ya kuwapendelea wanawake, na mwenye kuyachagua angeweza kumpa ushindi yeyote amtakaye.

BONGO ZA NAIROBI

Hapo mzee aliuliza swali nililolingojea. “Na sisi Waafrika, bongo zetu zilipimwa?”

Zilipimwa, wala si mbali. Zilipimwa Nairobi, maili 30 hivi kutoka hoteli ile tuliyokuwa tumeketi, wakati baba yake mzee alikuwa angali mtoto. Katika miaka ya 1930 palikuwa na daktari katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, jina lake H. L. Gordon, naye aliamini kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni duni tangu kuzaliwa. Mwaka 1933 yeye na wenzake waliunda chama mjini Nairobi cha kuchungua mambo ya ubora wa mataifa ya watu. Daktari mwingine, F. W. Vint, alizipima bongo 100 za wanaume Waafrika waliokufa, na mwaka 1934 akatangaza matokeo katika gazeti la elimu ya viungo huko Uingereza. Wastani wa bongo zile ulikuwa gramu 1,276. Aliulinganisha na hesabu ya Wazungu wanaume, gramu 1,428. Upungufu, alisema, ni sehemu 10.6 katika 100. Aliongeza kwamba gamba la ubongo wa Mwafrika ni jembamba kuliko la Mzungu.

Kutoka katika gramu hizo lilizaliwa neno zito: je, Mwafrika afaa kupewa elimu kama ya Mzungu? Jambo hilo lilijadiliwa London, katika mikutano na katika magazeti, na Gordon mwenyewe alikwenda kulisemea. Waliomba fedha za serikali ili uchunguzi uendelee, lakini Wizara ya Makoloni haikuzitoa. Hata hivyo mawazo yenyewe hayakuzikwa pamoja na ombi lile. Dr. J. C. Carothers, aliyeitumikia Mathari baadaye, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya la Ulimwengu mwaka 1953, humo akimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha maelezo yake juu ya Mau Mau, kana kwamba watu waliodai ardhi walikuwa na ugonjwa wa akili.

Sasa nilimwomba mzee azitazame hesabu zenyewe, maana yeye ni mtu wa kupima magunia. Ndugu yake asema ubongo wa mwanamke umepungua kwa sehemu moja katika kumi. Vint alisema ubongo wa Mwafrika mwanamume umepungua kwa sehemu 10.6 katika 100. Ni kipimo kile kile, na karibu ni gramu zile zile! Kwa mizani hiyo, mwanamume Mwafrika wa mwaka 1934 na mwanamke wa Ulaya wangeketi benchi moja, nje ya mlango wa darasa. Mtu mweusi anayeishika mizani ile na kumpimia binti yake ameokota kisu kile kile alichokatiwa babu yake.

Na udhaifu wa kisu hicho ulikuwa ule ule katika Paris na katika Nairobi. Watu waliopimwa walikuwa maiti. Maradhi, njaa ya utotoni na udogo wa mwili vyote hupunguza uzito wa ubongo, wala hapana hata mmoja katika wale 100 aliyepata kuulizwa swali la hesabu alipokuwa hai. Waliopima walijua jibu walilolitaka.

Kwa habari ya unene wa gamba la ubongo, hapa kuna jambo ambalo humfanya mtu acheke peke yake. Mwaka 2018 Stuart Ritchie na wenzake huko Uingereza walitangaza uchunguzi wa picha za bongo za watu 5,216 walio hai. Kwa ukubwa wa ubongo, wanaume walitangulia, kama ilivyokuwa siku zote. Lakini kwa unene wa gamba, wastani wa wanawake ndio uliokuwa mbele. Basi kama unene wa gamba ndiyo akili, kama walivyotaka tuamini Nairobi, imetupasa wanaume wote, weupe kwa weusi, kuwaachia wanawake viti vya ofisini leo jioni. Mimi sisemi hivyo. Nasema kwamba mwenye kutaka kushinda kwa mizani hukiweka kando kipimo kinachomshinda, akashika kingine. Uchunguzi ule ule ulionyesha pia kwamba makundi mawili hayo yaliingiliana sana, hata ukipewa ubongo mmoja na kipimo chake kimoja usingeweza kusema kwa hakika ni wa nani.

Mzee alisikiliza haya kwa makini, kisha akasema, “Miti yangu ya Ruiru 11 ni mifupi kuliko ile SL 28 ya baba yangu.” Akaita mtumishi akaagiza chai, viwili. Wasomaji wakulima watakumbuka kwamba mbegu hiyo ilitolewa mwaka 1985 na kituo cha uchunguzi wa kahawa kilicho Ruiru, nayo kwa ufupi wake hupandwa kiasi cha miti 2,500 katika hekta moja, ambapo miti ya zamani ilikuwa 1,330. Sikuongeza neno juu ya mfano wake.

TOFAUTI ZILIZOPO KWELI

Haidhuru, mtu asije akadhani kwamba nasema wanaume na wanawake hawatofautiani katika jambo lolote la akili. Zipo tofauti za wastani. Wanawake huwatangulia wanaume katika kukumbuka maneno na katika ufasaha. Na katika mtihani wetu wa mwisho wa sekondari wasichana huwapita wavulana katika Kiingereza na Kiswahili. Wavulana nao huwa mbele katika hesabu na fizikia katika mtihani huo. Na tofauti iliyo kubwa kuliko nyingi, iliyojulikana tangu uchunguzi wa Roger Shepard na Jacqueline Metzler wa mwaka 1971 ulipoleta namna mpya ya mtihani, ni ile ya kukizungusha kitu ndani ya mawazo: kuonyeshwa picha ya umbo na kutambua lingeonekanaje likigeuzwa. Hapo wastani wa wanaume ni bora, na kazi hiyo yahusiana na ufundi wa mitambo na ujenzi.

Je, ni maumbile au ni malezi? Katika jambo hili nchi yetu ina ushahidi wake. Mwaka huo huo wa 1971, Robert na Ruth Munroe walitangaza uchunguzi walioufanya Kenya ya magharibi, kati ya watoto wa Walogoli. Waliandika mahali walipoonekana watoto wakati wa mchana, na umbali wao kutoka nyumbani. Kisha wakawapa kazi za kutambua na kunakili maumbo. Wavulana walionekana mbali na nyumbani kuliko wasichana, nao walifanya vizuri zaidi. Walipowatazama watoto kwa umbali waliozoea kwenda, waliona kwamba kutembea kwenyewe kulihusiana na uhodari huo. Uchunguzi kama huo ulirudiwa kwa Wagusii, nao ulielekea upande ule ule.

Mtu aliyelelewa kijijini hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mvulana hutumwa na ng'ombe hadi ng'ambo ya mto. Yampasa kujua njia ya mkato, kilima kiko upande gani, na nyumbani ni wapi jua likizama. Dada yake amebeba mtoto mgongoni, naye haruhusiwi kupita kisimani. Mimi nililelewa hivyo. Nilipokuwa na miaka 10 nilikuwa nimekwisha kuyajua mashamba yote kati ya kwetu na barabara kuu. Dada zangu walijua kisima, duka na kanisa. Kisha tulipokuwa wakubwa tuliwacheka kwa kupotea njia.

Habari nyingine yatoka Embu. Kuanzia mwaka 1998 wataalamu walichukua shule 12 za msingi katika wilaya ile, wakawagawia watoto githeri kwa siku za masomo. Katika shule nyingine githeri ilitiwa nyama, katika nyingine ilifuatana na maziwa, katika nyingine iliongezwa mafuta tu, na nyingine hazikupewa chakula. Watoto waliokula githeri yenye nyama waliendelea zaidi katika mtihani wa kutafuta umbo lililokosekana, ambao hupima fikira bila maneno. Tena, watoto wa upande huo wa Embu waliopimwa mwaka 1998 walipata alama za juu sana kuliko wenzao wa mwaka 1984. Fuvu la mtoto halikuongezeka namna hiyo katika miaka 14. Kilichobadilika ni sufuria ya mama yake, elimu ya wazazi wake, na vitu anavyoviona. Ningependa kila mzazi anayebishana juu ya gramu za ubongo aulize kwanza ni mtoto gani nyumbani mwake hupewa nyama mwisho.

Hata mlango wa shule haukufunguliwa kwa wote saa moja. Alliance ya wavulana, pale Kikuyu, ilianza mwaka 1926. Shule ya sekondari ya wasichana Waafrika ilifunguliwa hapo hapo mwaka 1948, yaani miaka 22 baadaye. Mtu akimfungia mwenzake nyumbani kwa miaka 22, kisha akamshinda mbio, hana haki ya kujisifu miguu.

Mzee alitaka kujua kama yuko mwanamke yeyote wa huku kwetu aliyepata kushika kisu cha wataalamu hao na kupasua mwenyewe. Jibu la swali hilo nilikuwa nalo tayari. Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, alipata shahada ya udaktari wa falsafa mjini Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kuipata. Na elimu yake ilikuwa ipi? Elimu ya viungo vya miili ya wanyama! Mwaka 1976 alikuwa mkuu wa idara hiyo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Watu wengi humkumbuka kwa miti yake na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, wakasahau kwamba kabla ya hayo alisimama mbele ya wanafunzi, wengi wao wanaume, akiwafundisha jinsi mwili ulivyojengwa. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alikwenda shule kwa sababu kaka yake Nderitu, alipokuwa nyumbani, alimwuliza mama yao mbona Wangari haendi shule kama wao. Mama alifikiri, akaona hapana sababu.

Mvua ilikuwa imekwisha, na makondakta walikuwa wakiita abiria wa Juja na Ruiru. Mzee alinywa chai yake hadi mwisho. Akaniomba nimwandikie katika kipande cha karatasi zile gramu za Nairobi, 1,276 na 1,428, na jina la Vint, na mwaka, ili ampelekee ndugu yake azisome mwenyewe. Nikaandika. Kisha nikamnyoshea kalamu kwa ajili ya ile fomu ya shule.

Hakuipokea. “Kalamu ninayo,” akasema, huku akiikunja karatasi ya mwalimu mara nne kama ilivyokuwa. “Mwalimu amesema, ndugu yangu amesema, na wewe leo umesema sana. Yule mtoto mwenyewe sijamwuliza bado.”

Akavaa kofia yake, akatoka kwenda stendi.